Ule muda kabla ya maumivu

Leo alfajiri nimejikwaa gizani. Kidole kidogo cha mguu, moja kwa moja kwenye tendegu la kitanda.

Mnaijua hali ile.

Unahisi kugonga. Unajua kabisa umeumia. Lakini maumivu yenyewe hayajafika!

Halafu yanakuja: mchomo mkali kwanza, kisha yale mazito ya kupwita, yasiyoondoka haraka.

Nimekaa chini, kidole mkononi, nikiuwaza ule muda wa katikati.

Seli ya neva iliyopeleka habari ile ina mwili wake kando ya uti wa mgongo, na uzi mwembamba, aksoni, unaoshuka hadi kidoleni. Seli moja, urefu wa karibu mita 1. Jamani!

Ikitulia, ndani yake huwa hasi kiumeme kwa milivolti 70 hivi kuliko nje. Ikishtuliwa, vilango vya utando hufunguka, sodiamu inamiminika ndani, kisha potasiamu inatoka. Kipande kimoja cha uzi kinaamsha cha jirani, hivyo hivyo hadi juu: hiyo ndiyo ishara.

Nyuzi za mguso zimevikwa mailini, ala ya mafuta, na ishara huruka kwa zaidi ya mita 30 kwa sekunde.

Zile za maumivu mazito hazina vazi hilo. Ni kama mita 1 tu kwa sekunde.

Kwa hiyo ule muda niliouhisi ni safari. Maumivu yangu yalikuwa bado njiani, yanapanda mguu.

Bado kidole kinapwita, na bado nastaajabu.

Nanyi mmewahi kuuhisi muda huo? Ilikuwaje?