Mitungi miwili ya kijani

Kazi yangu ni kujaza mitungi ya wazamiaji hapa Malindi. Kaskazi ikitulia na maji yakawa maangavu, kompresa yangu haipumziki.

Kabla ya msimu mmoja, ami anayetukarabatia boti aliona mitungi yetu ya chuma inaliwa na chumvi. Akaipaka rangi ya boti iliyobaki, ya kijani, yote. Nia yake ilikuwa njema, nami sikuona ubaya.

Asubuhi moja mgeni kutoka Marekani alikataa kuvaa mtungi niliompa. Kwao kijani ni oksijeni. Mwenzake wa Italia akabisha: kwao mtungi wa oksijeni una mabega meupe, yaani sehemu ya juu karibu na valvu, na mabega yenye nyeusi na nyeupe ndiyo hewa ya kupumua. Wote walisema kweli, na hapo ndipo nilipoingiwa na hofu.

Nikachukua kipimo cha oksijeni. Mtungi ule ulisoma asilimia 21, hewa ya kawaida. Wa pili, uliokuwa umeegemezwa ubavuni pake, ukasoma 98. Ulikuwa mtungi wetu wa huduma ya kwanza, na valvu yake ni ileile ya kuzamia. Oksijeni tupu haifai kuvutwa kwenye kina kinachozidi mita 6. Sisi siku hiyo tulikuwa tunashuka 18. Huko mwili hukakamaa na kutetemeka kama wa mwenye kifafa, mdomo ukaachia kifaa cha kupumulia, na mtu akazama. Miguu iliniisha nguvu.

Safari niliiahirisha. Jioni nikamwendea ami.

"Shikamoo, ami. Ile mitungi tukwangue rangi."

"Marahaba. Nimekosea wapi, mwanangu?"

Nilimweleza. Hakunijibu, kesho yake alfajiri nilimkuta na msasa. Nilimwomba tu asiguse namba zilizogongwa begani, maana ndizo zinazoonyesha shinikizo na tarehe ya kupimwa.

Rangi tulizirudisha, lakini siziamini peke yake tena. Kila mtungi una lebo ya jina la gesi, na mzamiaji anapima mwenyewe mbele yangu, kisha anaandika kwenye utepe asilimia ya oksijeni, kina cha mwisho kinachoruhusiwa, tarehe na sahihi yake. Mchanganyiko wenye oksijeni asilimia 32, kwa mfano, tunauandikia mita 33.

Mtungi wa oksijeni una kona yake, umefungwa mnyororo. Mwenye grisi mkononi hausogelei, kwa kuwa mafuta yakikutana na oksijeni yenye shinikizo huwaka. Ami ndiye mkali zaidi kuhusu hilo.