Leseni ya boti ya mferejini Uingereza: piga hesabu kabla hujanunua

Kodi za nyumba London zimewafanya wengi waanze kuzitazama kwa macho ya mnunuzi zile boti ndefu zilizofungwa kando ya Regent's Canal na mto Lea. Ndani kuna kitanda, jiko la gesi, jiko la kuni la kupasha joto, na hakuna mwenye nyumba wa kukugongea mlango mwisho wa mwezi. Bei ya kununua huulizwa na kila mtu. Bei ya leseni huulizwa mwishoni, wakati mwingine baada ya pesa kutoka mkononi, na ndiyo inayopanda kila mwaka.

Sehemu kubwa ya mifereji ya England na Wales, yapata kilomita 3,200, iko chini ya Canal & River Trust, shirika la hisani lililopokea kazi hiyo kutoka British Waterways mwaka 2012. Boti yoyote inayokaa kwenye maji yake inahitaji leseni, iwe inatembea au imefungwa tu. Ada hufuata urefu wa boti, na ikizidi mita 2.16 kwa upana kuna ziada. Kipimo hicho hakikuokotwa hewani. Mifereji mingi ya Midlands ina malango ya maji, yaani vile vyumba vya kupandishia na kushushia boti, yenye upana wa futi 7 tu (kama mita 2.1), kwa hiyo boti nyembamba ya kawaida hujengwa kwa futi 6 na inchi 10. Boti pana haipiti humo kabisa. Hubaki kwenye njia zenye malango mapana tu, na bado hulipa zaidi. Anayenunua boti pana kwa sababu sebule yake inapendeza aliweke hilo akilini. Na pima kwa tepu mwenyewe, urefu na upana. Vipimo vya tangazo la kuuzia vina tabia ya kukosea.

Aprili 2023 ada ilipanda kwa asilimia 9. Aprili 2024 ikapanda tena kwa asilimia 6, na hapo ndipo ilipoanza ziada mpya kwa boti zisizo na mahali pa kudumu pa kufungia: asilimia 5 mwaka huo wa kwanza, ikipangwa kuongezeka hatua kwa hatua hadi asilimia 25 ifikapo Aprili 2028. Chukua boti iliyokuwa ikilipa pauni 1,000 kabla ya Aprili 2023. Baada ya asilimia 9 ni pauni 1,090, na baada ya asilimia 6 ni pauni 1,155. Kama haina mahali pa kudumu, ongeza asilimia 5 ufike pauni 1,213. Weka sasa ile asilimia 25 ya mwisho juu ya pauni 1,155, bila hata kuhesabu nyongeza nyingine za kila Aprili, utapata pauni 1,444. Nyongeza za kila mwaka zipo, kwa hiyo risiti halisi itazidi hapo.

Kwa nini inapanda? Sababu kubwa ni ruzuku ya serikali. Julai 2023 serikali ilitangaza kwamba kuanzia 2027 itatoa pauni milioni 50 kwa mwaka, kisha kiasi hicho kitapungua kwa asilimia 5 kila mwaka kwa miaka kumi. Kazi yenyewe haipungui hata kidogo. Mifereji hiyo inanyweshwa na mabwawa makubwa zaidi ya 70, mengi yamejengwa karne ya 18 na ya 19. Agosti 2019, mvua kubwa ilibomoa sehemu ya zege ya njia ya kumwagia maji ya ziada kwenye bwawa la Toddbrook, juu ya mji mdogo wa Whaley Bridge, na watu wapatao 1,500 wakaondolewa majumbani mwao kwa siku kadhaa. Gharama za kulitengeneza bwawa la aina hiyo haziwezi kutoka kwenye leseni za boti peke yake, hata zikipandishwa mara ngapi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na ile ziada. Kulipia matengenezo ni haki. Hoja ya shirika ni kwamba boti zinazozunguka mwaka mzima hutumia zaidi malango, mabomba ya maji na sehemu za kumwagia vyoo. Lakini sheria ya mwaka 1995 iliweka njia mbili zilizo sawa za kupata leseni: uwe na mahali pa kudumu, au uwe unasafiri kikweli. Wengi wa wanaosafiri wamo humo kwa sababu hawana uwezo wa kulipia mahali pa kudumu, na hao ndio wanaobebeshwa ziada inayopanda hadi asilimia 25. National Bargee Travellers Association, chama cha wanaoishi kwenye boti bila mahali pa kudumu, wamelipinga jambo hili tangu lilipotangazwa, na naona hoja yao ina uzito.

Usidhani basi kwamba dawa ni kukodi mahali popote pa bei nafuu ili kuikwepa ziada. Kodi ya mahali pa kufungia, hasa kusini mwa England, huimeza ziada hiyo mara kadhaa. Kuna wanaokodi ukingo wa mto wa mkulima mbali kaskazini huku boti ikiishi London, na hilo lina hatari yake, maana masharti ya leseni yanamtaka hata mwenye mahali pake awe anasafiri kikweli kila anapokuwa nje.

Kusafiri kikweli maana yake nini? Kisheria, boti isikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo, isipokuwa kuna sababu ya msingi kama ugonjwa, injini kuharibika au barafu. Sehemu nyingi za kufungia zilizotengewa wageni zina muda mfupi zaidi, na kibao husema. Kosa linalowagharimu watu ni kusogea kilomita moja, kukaa siku 14, kisha kurudi palepale. Wafanyakazi wa shirika hutembea kando ya mfereji wakinakili namba za boti, na mwisho wa mwaka ramani ya mienendo yako iko mezani kwao. Mwongozo wao unasema mzunguko ulio chini ya maili 15 hadi 20 kwa mwaka hauelekei kuwaridhisha. Ukionekana hujasafiri vya kutosha, unaweza kupewa leseni ya miezi michache badala ya mwaka, kisha ukanyimwa. Kwa hiyo weka daftari lako: tarehe, jina la daraja au namba yake, na picha. Injini ikifa, waandikie siku hiyohiyo, usingoje barua yao. Mwenye ulemavu, mgonjwa au mjamzito anaweza kuomba apunguziwe masharti chini ya sheria ya usawa, na aombe mapema kwa maandishi.

Kabla ya leseni kuna karatasi mbili nyingine. Ya kwanza ni bima ya kufidia watu wengine. Boti ya chuma ikizeeka, kampuni za bima hutaka ripoti ya unene wa chuma, na kwa hiyo boti lazima ipandishwe guda, yaani itolewe majini. Boti nyingi hujengwa kwa chuma cha milimita 10 sakafuni, 6 ubavuni na 4 kwenye kuta za juu. Mpimaji akikuta ubavu uliopungua chini ya milimita 4, atapendekeza uchomelewe bamba jipya, na hizo ni maelfu ya pauni. Kinacholila chuma ni kutu ya vishimo vidogo na umeme mdogo unaopita majini, hasa kwa boti zilizochomekwa umeme wa nchi kavu bila kifaa cha kuuzuia. Kupaka lami tumbo la boti kila baada ya miaka miwili au mitatu, na kubadilisha anodi za magnesi zilizolika (vipande vinavyoliwa badala ya chuma cha boti), ni nafuu kuliko bamba moja.

Ya pili ni cheti cha Boat Safety Scheme, kinachodumu miaka 4. Mkaguzi ni mtu binafsi mwenye kibali, unamlipa wewe. Hapa ndipo boti nyingi hukwama kwa vitu vidogo, na kisanduku cha mitungi ya gesi ndicho cha kwanza. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka chini, na ndani ya boti chini ni kwenye sakafu unakolala. Kwa hiyo kisanduku, ambacho kwa kawaida kiko omo, yaani mbele ya boti, lazima kisipitishe gesi kwenda ndani, na kiwe na tundu chini kabisa la kuitolea nje ya boti. Tundu hilo huzibwa na majani, rangi au mnyororo wa nanga uliotupwa humo. Tena kuna mtego ambao wengi hawaujui: tangi la maji safi mara nyingi nalo liko omo. Likijaa, omo inazama sentimita kadhaa, na tundu lililokuwa juu ya maji linakuwa chini yake. Kabla mkaguzi hajaja, jaza tangi hadi juu, kisha angalia tundu ukiwa ukingoni. Boti iliyoongezewa bamba za chuma imeongezeka uzito na kuzama zaidi, kwa hiyo iangalie mara mbili.

Baada ya hapo mkaguzi atafungua mtungi, azime majiko yote, na abonyeze kitufe cha kipimo cha viputo. Kiputo kimoja kikipita kwenye kimiminika, kuna mahali panavuja. Ataangalia kama mpira wa gesi una maandishi ya BS 3212 na haujapasuka, betri kama zimefungwa zisitembee na vichwa vyake vimefunikwa, vizima moto kama viko kwenye hali, na king'ora cha kaboni monoksidi, ambacho kimekuwa lazima kwa boti zenye mahali pa kulala tangu Aprili 2019. King'ora kina tarehe ya mwisho iliyochapishwa nyuma. Kigeuze usome. Kipya ni pauni chache.

Kuna nafuu chache halali. Boti ya umeme hupata punguzo, ya kihistoria nayo vivyo hivyo, na anayekaa kwenye mito tu bila kuingia mifereji anaweza kuchukua leseni ya mito iliyo nafuu. Mwenye kupanga kutembea pia sehemu ya Thames isiyofikiwa na maji kujaa na kupwa, ambako wenye mamlaka ni Environment Agency, wakala wa serikali wa mazingira, alinganishe bei ya Gold Licence, leseni moja ya maji ya pande zote mbili, na kununua leseni mbili.

Ukishapata boti unayoitaka, muulize muuzaji namba yake ya usajili, nakala ya cheti cha usalama, na ripoti ya mwisho ya guda, kisha iulize kampuni ya bima kama wataikubali boti kwa umri wake. Cheti kilichobakiza miezi miwili ni sawa na kutokuwa na cheti, kwa hiyo omba upunguziwe bei ya boti. Na usiiachie leseni ikatike huku boti iko majini: boti isiyo na leseni inaweza kuondolewa mferejini kwa notisi ya siku 28 chini ya sheria ya 1983, na ikiwa ni nyumba ya mtu, shirika huenda kwanza mahakamani.