Siku moja maishani mwangu: vibendera na magunia katika msitu wa Mabira

Saa 11 na nusu alfajiri

Nimeshaswali, chai iko jikoni, na kitandani nimetandaza vibendera ishirini. Vina pande tatu, kila upande sentimita 30 kwa 30, nusu nyeupe na nusu rangi ya chungwa, zimegawanywa kwa mshazari. Fundi cherehani mmoja wa hapa Jinja, Uganda, alitushonea, akauliza kama ni vya kampeni za uchaguzi. Kila kimoja nakifungia kitoboleo cha plastiki chenye pini ndani. Mpangilio wa pini haufanani kati ya kimoja na kingine, kwa hiyo kadi ya mshiriki ikirudi ina matundu yake, najua alifika kweli, hakukaa chini ya mti akasubiri wenzake.

Kazi yangu ni kuongoza wageni msituni na kuandaa michezo ya nje kwa shule na makampuni. Leo ni orientiringi ya wanajamii. Unapewa ramani na dira, unatafuta vituo, kila kimoja na kibendera chake, kwa njia unayoichagua mwenyewe, na saa inahesabu. Tulichoongeza sisi ni gunia. Kila kikundi kinaingia msituni na magunia matupu, kinatoka nayo yamejaa takataka.

Saa 12 na robo

Afande ananisubiri stendi, buti zimeng'aa kana kwamba tunakwenda gwaride. Ni sajini mstaafu. Kusoma ramani nilifundishwa naye, kwa Kiswahili cha jeshi, ndiyo maana mpaka leo nikiona bonde kwenye karatasi nasikia sauti yake ikiniuliza, "Maji yanakwenda wapi?" Tunavuka daraja la Nile lile la nyaya, lililofunguliwa 2018, na yeye anaendelea na hadithi yake ya siku zote, kwamba mchezo huu raia wamewaibia wanajeshi. Hajakosea sana. Ulianza kama mazoezi ya kijeshi huko Uswidi na Norwei, na mashindano ya kwanza ya raia yalifanyika Norwei mwaka 1897. Shirikisho la kimataifa likaja 1961.

"Sasa wewe unawafundisha wauza ndizi za gonja," ananiambia.

"Na watakushinda, Afande."

Saa 1 asubuhi

Tumeshuka Najjembe. Askari wa misitu anakagua kibali chetu. Mabira ni hifadhi ya taifa ya misitu na huwezi kuingiza watu sitini bila ruhusa. Vibendera tunavifunga asubuhi hii hii, maana kitambaa kizuri kikilala nje usiku mmoja, asubuhi ni kiraka cha mtu.

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo nina ugomvi wangu na siku za usafi ninazozijua. Watu wanakuja na fulana mpya na bango, wanaokota hatua thelathini kutoka barabarani, wanapiga picha, wanaondoka. Lakini takataka ya Mabira haikai barabarani. Barabara ya Kampala kwenda Jinja inaupasua msitu katikati, mabasi yanasimama hapa Najjembe, abiria wananunua kuku wa kijiti na gonja ya kuchoma, wanakula wakiwa safarini, na kilichobaki kinatoka dirishani. Mvua ya Oktoba ikishuka, chupa zinapita kwenye kalvati chini ya lami na kuteremka mabondeni. Ukitaka kuzipata, fuata maji.

Kwa hiyo vituo vyenye alama nyingi nimevipeleka huko. Cha 9 kiko chini ya kalvati, kijito kinapokata kona. Nachuchumaa kukifunga, naona tabaka zilivyojipanga: juu kuna majani makavu, chini yake kaveera nyeusi, yaani mfuko wa plastiki, imechanika, ndani yake mifupa ya kuku na tope, chini tena chupa ya soda iliyojaa mchanga mpaka shingoni, na mzizi mwembamba umeshaingia mdomoni mwake. Kaveera nyembamba za chini ya mikroni 30 zilipigwa marufuku kisheria mwaka 2009. Nenda soko lolote leo, utafungiwa nyanya ndani yake. Nyani wa barabarani wameshajua kufungua kaveera kuliko watoto, na wanazila pamoja na chumvi ya chakula.

Kuna sehemu nimeipaka kijani kibichi sana kwenye ramani, maana yake usijaribu kupita. Ni pale watu walipolima ndani ya msitu miaka ya sabini na themanini. Baada ya kuondolewa, mti wa kigeni wa jamii ya mforsadi, ule ambao gome lake hutengenezewa karatasi, ukajaza nafasi. Picha ya setilaiti inakuonyesha msitu mzuri tu. Ukiingia, hata mbwa anageuza.

Saa 3

Wamefika. Wanafunzi wa sekondari, vijana wa bodaboda, familia mbili kutoka Kampala, na kina mama wa kikundi cha akiba cha hapa hapa, wengine wameacha majiko yao kwa mabinti zao. Natoa maelezo kwa Kiswahili, mwalimu mmoja anayarudia kwa Kiluganda, watoto wanacheka katika lugha zote mbili.

Kanuni zetu si nyingi. Muda ni dakika 90. Kituo cha karibu alama 10, cha mbali 50. Kila gunia lililojaa mpaka kwenye mstari mwekundu, alama 30. Ukichelewa, kila dakika inakula alama 10. Suruali ziingizwe ndani ya soksi, siafu hawana adabu msimu huu. Sindano na vioo vilivyovunjika usishike, weka alama kwenye ramani tu. Vijiti vya kuku viacheni, vitaoza vyenyewe.

Hatupimi kwa kilo. Ukipima kilo, vijana wanakuletea pampasi zilizolowa na chupa walizozijaza maji kijitoni, wanakuwa mabingwa. Gunia halidanganyiki hivyo, hasa Afande akilikanyaga kwanza.

Na maji ya kunywa yako kwenye jerikeni, vikombe vya bati. Mfadhili mmoja alitaka kutuletea katoni za maji ya chupa, zina nembo yake. Nilimshukuru nikakataa. Kuingiza chupa mia mbili msituni siku ya kuokota chupa ni kichekesho ambacho sitaki kukiandaa mimi.

Mwanafunzi mmoja ananiletea dira ya mjomba wake wa Ulaya. Sindano inagota, haizunguki. Haijaharibika. Dira za kaskazini huwekewa uzito upande wa kusini wa sindano, maana huko sumaku ya dunia inaivuta ncha ya kaskazini iiname. Huku kwetu inayovutwa chini ni ncha ya kusini, basi uzito na mvuto vinakutana upande mmoja, sindano inakwaruza kioo. Namwambia aiinamishe kidogo mpaka ielee, halafu nampa ya kwetu.

Saa 4

Filimbi. Wanamezwa na miti ndani ya dakika moja. Familia za Kampala zinakimbia, kina mama wanatembea.

Saa 5 kasoro

Simu. "Dada, kituo namba 14 hakipo. Tumekuta mzee, ana panga, na kibendera anacho yeye."

Tunakwenda mimi na Afande, kwa njia ya mkato. Mzee ameketi juu ya gogo, kibendera amekikunja vizuri chini ya kwapa, na wanafunzi wanne wamesimama mbele yake kama washtakiwa. Kiswahili chake ni cha barabarani. Alikuwa turniboi wa malori ya Mombasa.

"Binti, hiki kitambaa ni chako?"

"Ni chetu, mzee. Ni mchezo. Mwenyekiti wa kijiji, wa LC1, ana barua yetu."

"Barua iko kwenye droo yake. Mimi naona kitambaa kwenye mti. Kila anayekuja kuchukua ardhi huanza na vitambaa."

Hapo sina jibu la haraka, na sitaki kujifanya ninalo. Mwaka 2007 serikali ilitaka kutoa hekta 7,100 hivi za msitu huu, karibu robo yake, zilimwe miwa. Watu waliandamana Kampala mwezi wa Aprili, wengine walikufa. Mpango ukasimama. Mtu wa umri wake akiona alama ya rangi ya chungwa imefungwa mtini ambapo jana haikuwepo, ana haki ya kuing'oa kwanza na kuuliza baadaye. Mimi ningefanya hivyo hivyo.

Afande anavua kofia, anaketi naye kwenye gogo, anafungua ramani juu ya magoti yao. Anamwonyesha barabara, kalvati, kijito. Mzee anafuata kwa kidole, kimya, kisha anagonga karatasi. "Hapa mmekosa kisima." Kweli, kipo, hatua hamsini nyuma ya vichaka, na mimi nakichora kwa kalamu pale pale. Ananyoosha kidole sehemu nyingine: "Na hapa usiku pikapu inakuja kumwaga. Si abiria wa basi hao. Ni watu wa mjini."

Kibendera kinarudi mtini. Wanafunzi nawaongezea dakika za kusubiri kwao, na wanaondoka mbio kabla sijabadili mawazo.

Saa 6

Wanatoka msituni na tope mpaka magotini. Kina mama wameshinda, kwa mbali. Hawakukimbia hata hatua moja. Walipita mgongoni mwa kilima kwenye vijia vyao vya kuni, wakateremka mabondeni tu palipokuwa na alama, na magunia wakayabeba kichwani huku wengine wakiyaburuta. Baba mmoja wa Kampala mwenye saa kubwa ya mkononi inayoonyesha mpaka mapigo ya moyo amechelewa dakika sita. Anadai msitu una makosa. Afande anamwambia ramani ndiyo inaweza kukosea, msitu hapana.

Saa 7 hadi saa 10

Kuchambua. Chupa za plastiki upande huu, vioo upande ule, kaveera na pampasi kwenye turubai. Mnunuzi wa plastiki anachukua chupa safi na kuzikataa zenye mchanga, tunabishana, anachukua nusu. Wali na maharage vinaliwa.

Lori tulilolilipia lilikuwa lifike saa 8. Halikufika. Mwenye lori anasema yuko njiani, na huku nyuma ya sauti yake nasikia redio ya sebuleni. Kuyaacha magunia barabarani usiku si chaguo. Nyani na mbwa watayapasua, na kufikia asubuhi kazi ya watu sitini itakuwa imerudi mtaroni. Kijana mmoja wa boda anampigia shemeji yake mwenye tipa ya mchanga. Inafika saa 10 kasorobo. Bei ni ya shemeji, lakini si shemeji yangu.

Saa 11 jioni

Tunakusanya vibendera kabla giza halijaingia chini ya miti, na huko linaingia mapema kuliko nje. Hondohondo wanapita juu na kelele zao. Vyote ishirini vipo.

Saa 2 usiku

Nyumbani, miguu kwenye beseni. Naingiza kisima kwenye ramani ya kompyuta, na pale pikapu inapomwaga naweka alama, nakala nampelekea ofisa wa msitu pamoja na siku na saa alizozitaja mzee.

Simu ya Afande. Amezungumza na mzee tena; amekubali kuwa mlinzi wetu wa bonde lile awamu ijayo, kwa chakula cha mchana na nauli. Ana sharti moja tu: vibendera vishonwe rangi nyingine. Nyeupe na chungwa ndiyo kanuni ya mchezo dunia nzima, siwezi kuibadilisha mimi. Afande anasema hilo nimweleze mwenyewe.