3060 yangu na 3060 ya shemeji

"3060 ni 3060 tu, usijisumbue." Hayo niliambiwa na jamaa mmoja wa kazini ambaye kwa mambo ya kompyuta tunamsikiliza kama mganga, nami nikayameza bila maji. Nikanunua laptopu yenye RTX 3060, yaani kadi ya kuchora picha (graphics) ya Nvidia, akiba ya miezi kadhaa ikayeyuka, nikaenda kwa shemeji yangu kifua mbele. Yeye ana kompyuta ya mezani yenye kadi ya jina hilohilo, ndani ya sanduku kubwa kama kabati ambalo nimelicheka miaka yote.

Kiburi changu kilitokana na hesabu. Nilikuwa nimesoma kwamba 3060 ya laptopu ina viini (vijisehemu vinavyofanya hesabu za picha) 3,840, ya mezani ina 3,584. Yaani namzidi viini 256!

"Shemeji, leo hilo sanduku linaenda kwa wauza vyuma chakavu."

"Karibu shemeji. Weka mezani tuone."

Tukachukua faili moja ya Blender, programu ya kuchora picha za 3D, sebule yenye sofa, mapazia na taa tatu, tukairenda (yaani kuigeuza iwe picha kamili) kwenye mashine zote mbili kwa mipangilio ileile. Yake ikamaliza kwa dakika sita hivi. Yangu ilipofika dakika ya kumi na tano ilikuwa bado inahangaika na mapazia. Ndipo dada yangu akauliza, kwa upole kabisa, kama ile chaja iliyobaki kwenye begi ina kazi yoyote.

Ina kazi. Betri haiwezi kutoa umeme wote ambao kadi inautaka, kwa hiyo laptopu huibana kadi mara tu unapochomoa waya. Na iwe ile chaja nene iliyokuja nayo. Siku nyingine nilijaribu kijichaja cha USB-C cha wati 65 nikaambulia yaleyale. Tukarudia na umeme: dakika tisa na ushee. Bado nimepigwa, ila sasa bila kisingizio.

Usiku huo nikafungua dirisha la amri, nikaandika nvidia-smi, amri inayoonyesha hali ya kadi, huku sebule ikirendwa upya. Jibu lilikuwa pale, safu ya nguvu: 79W / 80W. Kadi ya shemeji imetengenezwa kwa wati 170. Mimi nina vibarua (ndivyo viini) wengi kuliko yeye, lakini wangu wanagawana sufuria nusu. Hilo mganga wetu hakulisema. 3060 ya laptopu huuzwa na mtengenezaji wa laptopu kwa wati zozote kati ya 60 na 115, na jina kwenye kibandiko halibadiliki. Zamani angalau kulikuwa na herufi M mwishoni, kama GTX 980M, ukajua huyu ni mdogo mtu. Toka kizazi cha GTX 10 mwaka 2016 herufi hiyo ikaondoka.

Nikajaribu kuongeza wati kwa amri ileile ya nvidia-smi. Ikanijibu kwamba mashine hii hairuhusu. Sawa. Kumbe kulikuwa na kitufe cha Fn cha kubadili hali ya utendaji, na nilikuwa nimeiacha kwenye hali ya ukimya toka siku ya kwanza. Kukibonyeza, kikomo kikapanda hadi wati 115. Nikashangilia kwa dakika nne, kisha joto likafika nyuzi 87 na kasi ikaanza kushuka yenyewe.

Hapa ndipo nilipofanya ujinga ambao dada ameahidi kuusimulia kwenye kila sherehe ya familia. Nilichukua mfuko wa barafu, nikaufunga kwa taulo, nikaulaza chini ya laptopu. Mwanzoni ulikuwa muujiza. Nyuzi zilishuka, nikampigia shemeji simu kumtangazia. Baada ya robo saa hivi nikainua mashine kuangalia hali ya mfuko: mfuniko wa chini umetoka jasho, matone madogo yamejipanga kwenye matundu yaleyale ambayo feni hufyonzea hewa. Sijawahi kuzima kitu kwa haraka kiasi kile. Ilikaa siku mbili imepinduliwa kama samaki wa kukaushwa, na mimi nikizunguka nayo kivuli hadi jua, jua hadi kivuli. Iliwaka. Sikustahili.

Kilichosaidia ni vizibo viwili vya chupa chini ya miguu ya nyuma. Gharama: kiu. Hewa ikapata njia, nyuzi 86 zikawa 81.

Halafu volti, na hapa niacheni nijisifu kidogo. Matumizi ya umeme hupanda pamoja na mraba wa volti, kwa hiyo ukipunguza volti kidogo tu unaokoa wati nyingi, na wati ulizookoa kadi inazitumia kukimbia. Ndani ya MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, unabonyeza Ctrl+F, mchoro wa volti na kasi unatokea. Kwa pupa nikaomba megahetzi 1,900 kwa milivolti 775. Skrini ikaganda papo hapo, sofa nusu. Nikarudi nyuma hatua kwa hatua, kila hatua nikirenda ile sebule nzima, hadi megahetzi 1,700 kwa milivolti 800 ikakaa imara. Sebule: dakika saba kasoro. Laptopu nyingine zimefungwa kabisa upande wa volti, basi usilazimishe.

Kwa gemu nikagundua jambo jingine kwa bahati tu: kwenye skrini ya laptopu kila fremu (picha moja ya gemu) hupitia kwanza kwenye kadi ndogo iliyomo ndani ya prosesa. Tundu la HDMI la yangu limeungwa moja kwa moja na kadi kubwa. Nikachomeka skrini ya nje, fremu 70 kwa sekunde zikawa 80 na kitu. (Laptopu nyingine zina swichi ya kuikwepa hiyo kadi ndogo, yangu haina.) Kibao cha pili cha RAM, memori ya kompyuta yenyewe, nacho kilisaidia.

Sasa kuna waliohamia upande wa pili, wanaosema ya laptopu siku zote ni nusu ya mezani. Nao waongo. Chukua kadi za 4060: ya laptopu na ya mezani zote mbili zina viini 3,072 na memori ya kadi GB 8, na ya mezani inakula wati 115 tu. Laptopu inayoipa kadi yake wati hizohizo inaikaribia sana. Lakini panda hadi 4090 uone kioja: ya mezani viini 16,384 na GB 24, ya laptopu viini 9,728 na GB 16. Hata chipu si moja, hiyo ya laptopu ni ndugu wa 4080.

Kitu kimoja hakina kizibo wala volti. Kadi ya shemeji ina memori GB 12, yangu 6. Mwezi uliopita sebule ilikua ikawa nyumba nzima na bustani, majani ya miti yakajaza zote sita, Blender ikagoma. Nikamtumia faili. Ikarudi baada ya saa moja imekamilika, na ujumbe chini yake:

"Viini 256 vya ziada havijambo, shemeji?"