Jinsi nilivyotuliza wimbi lililokuwa likilipuka ndani ya kompyuta

Nilipoanza shahada ya uzamili nilipewa kazi iliyoonekana ndogo: kuandika programu ya kuiga safari ya wimbi la sumakuumeme ndani ya plazma, yaani gesi ambayo elektroni zake zimeachana na atomu, iliyozuiliwa kwa uga wa sumaku. Mawimbi ya aina hiyo, yenye masafa ya gigahezi 170 (mitetemo bilioni 170 kwa sekunde), ndiyo yaliyokusudiwa kuipasha moto plazma ya mtambo wa ITER, jaribio la kimataifa la kuzalisha nishati kwa kuunganisha viini vya atomu, unaojengwa Cadarache, Ufaransa. Sikuthubutu kuanza na mtambo mzima. Urefu wa wimbi hilo haufiki milimita 2, ilhali plazma ina upana wa mita 4 hivi, na kuifuata kila pinda ya wimbi katika pande zote tatu ni mzigo hata kwa kompyuta kubwa. Nilichukua mstari mmoja tu, nikaweka uga wa sumaku wa tesla 1 uliosimama wima juu ya mstari huo, pamoja na elektroni 10 kwa kipeo cha 19 katika kila mita ya ujazo.

Uga wa umeme na uga wa sumaku wa wimbi niliukokotoa kwa utaratibu aliouchapisha Kane Yee mwaka 1966, ambao huzipishanisha nyuga hizo mbili kwa nusu hatua. Vituo vya gridi, yaani nukta ambako nyuga hukokotolewa, vilikuwa umbali wa milimita 0.15, na hatua ya muda ilikuwa robo ya pikosekunde (pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde). Kilichobaki ni mkondo wa elektroni, ambao husukumwa na uga wa umeme na papo hapo kuzungushwa na sumaku mara bilioni 28 kwa sekunde. Huo niliuandika kwa njia rahisi kuliko zote: thamani mpya ni ile ya zamani, jumlisha badiliko lililokokotolewa kutokana na hiyo hiyo ya zamani.

Wimbi lilikwenda vizuri kwa hatua mia kadhaa, kisha grafu ikaota miiba na namba zikapaa hadi programu ikashindwa kuziandika. Nikaipunguza hatua ya muda kwa nusu, na mlipuko ukachelewa. Nikapunguza tena, ukachelewa tena. Nilipoteza karibu wiki mbili nikidhani naikaribia dawa, kumbe nilikuwa nikiahirisha ugonjwa.

Mwenzangu wa ofisini ndiye aliyenishauri nizime wimbi kabisa, niuache mkondo uzunguke peke yake. Badala ya kuchora duara lile lile, ulijiviringisha kwenda nje mithili ya gamba la konokono. Kila hatua ilifuata mstari unaoligusa duara, si duara lenyewe, na hivyo ilitua nje kidogo. Ziada hiyo haikufika hata sehemu moja ya elfu kwa hatua, lakini ni riba juu ya riba: baada ya hatua 10,000 mkondo huwa umekua zaidi ya mara 15,000. Nilibadilisha mistari michache tu, ili mzunguko ukokotolewe kwa wastani wa mkondo wa zamani na mpya, jambo linalodai kutatua milinganyo miwili kwa pamoja. Duara likajifunga.

Sikuiamini programu mpaka nilipotuma mpigo mfupi wenye masafa mengi na kuchambua kilichotokea upande wa pili wa plazma. Nadharia ya plazma baridi, inayopuuza mwendo wa joto wa elektroni, inadai kwamba, kwa vipimo vyangu, wimbi ambalo uga wake wa umeme umekingama na sumaku halipiti chini ya gigahezi 17.7, wala kati ya 39.9 na 45.7. Mapengo yote mawili yalikuwa mahali pake.

Msongamano wa elektroni nilipoufanya uongezeke polepole kando ya mstari, tatizo jingine lilijitokeza: penye resonansi, yaani pale masafa ya wimbi yanapolingana na mtetemo wa asili wa plazma, wimbi lilijibana katika kituo kimoja cha gridi, na kila nilipoisaga gridi iwe laini zaidi, kilele kilirefuka. Niliongeza msuguano mdogo wa migongano ya elektroni, nao ukakituliza. Kilichonifurahisha ni kwamba hata nilipouongeza msuguano huo mara tatu, sehemu ya nishati iliyomezwa karibu haikubadilika. Hata hivyo, msimamizi wangu alilikataa neno "joto" katika ripoti akanitaka niandike "nishati iliyopotea", kwa kuwa katika plazma yenye joto halisi wimbi hugeuka pale kuwa wimbi la Bernstein, linalotegemea mwendo wa joto wa elektroni na ambalo milinganyo yangu ya plazma baridi haina nafasi yake.