Jumamosi ya penseli kubwa
Saa tatu kasoro asubuhi, baridi ya Uingereza hii, niko nje ya ukumbi napigana na kufuli. Shule yetu ya Kipolandi ya kila Jumamosi haina anayelipwa. Walimu wanajitolea, kodi wazazi tunachanga, na mwenye daftari la mahudhurio ni mimi, Mmeru niliyeolewa na Mpolandi. Chekeni tu.

Leo darasa la kwanza walikuwa wanaapishwa. Mwalimu mkuu humgusa mtoto begani kwa penseli kubwa kama mchi wa kutwangia, basi, keshakuwa mwanafunzi. Wa kwangu aligoma kuondoka mpaka aguswe na bega la pili.

Zile herufi 32 za Kipolandi bado zinanitoa jasho. Ł inasomwa kama w yetu, na mtoto hunisahihisha mbele za watu!

Baba mkwe, tulipoonana mara ya kwanza, aliniuliza kuhusu Tengeru, kule kwetu karibu na Arusha. Wakimbizi wa Kipolandi walifika pale 1942 wakawa na shule zao. Mimi makaburi yao nimeyapita utoto wangu wote.

Mwenye ufunguo wa akiba anitafute kabla ya Jumamosi ijayo, tafadhali.