Namba Iliyochongwa Kwenye Boriti: Nilivyofuatilia Historia ya Mashua Yangu ya Mbao

Aliyeniuzia mashua aliniambia imeundwa mwaka 1908, na kwamba iliwahi kuvuka bahari kuu mara mbili ikiwa na mtu mmoja tu ndani. Aliyasema kwa uhakika wa mtu aliyeyasikia kwa aliyemuuzia yeye, na huyo naye aliyasikia kwa mwingine. Karatasi hakuwa nayo hata moja. Kibao cha muundaji kilikuwa kimeng'olewa zamani. Yalibaki matundu manne ya skrubu na kivuli cha umbo la yai kwenye vanishi. Jina lililoandikwa tezi, yaani nyuma ya chombo, lilikuwa la karibuni, na jua likilipiga kutoka ubavuni uliona, chini ya rangi, mabaki ya herufi za jina jingine.

Niliinunua hivyohivyo. Ilikuwa na milingoti miwili, ule mdogo wa galme umesimama nyuma ya usukani, mbao za mtiki juu ya mataruma (mbavu za chombo) ya mwaloni, na umbo lililonifanya nirudi kuitazama mara tatu kabla ya kutoa pesa. Niliapa kwamba sitaigusa kwa patasi mpaka nijue ni chombo gani.

Kiapo hicho kiliokoa mambo mengi. Nimewaona watu wenye mapenzi ya kweli na vyombo vya zamani wakianza kazi kwa msasa wa umeme. Wiki moja tu, rangi zote zimekwenda, skrubu za zamani zimetupwa, matundu yamezibwa, chombo kinang'aa. Na kila kilichokuwa kikieleza chombo hicho kimetoka wapi kimeishia kwenye pipa la taka. Mimi nilianza na kamera, futi ya kupimia na daftari. Mwezi mzima nilipiga picha kila kiungo, kila tundu, kila skrubu, na kuandika kilipo, hata vile ambavyo sikuvielewa. Vingi nilivielewa baadaye sana.

Ufunguo ulikuwa kwenye boriti kuu ya sitaha, ndani ya kibanda, mahali ambapo mtu mrefu hugonga kichwa. Sheria ya meli ya Uingereza ya mwaka 1894 iliagiza kila chombo kinachosajiliwa kichongwe namba yake rasmi na tani zake kwenye boriti kuu. Jina linabadilika, mwenye chombo anabadilika, bandari inabadilika; namba hubaki ileile mpaka chombo kife. Nilikuwa nimesoma habari hiyo, lakini boriti yangu ilikuwa nyeupe tupu, imepakwa rangi tabaka juu ya tabaka. Siku moja taa ilizimika nikiwa ndani, nikawa napapasa kutafuta mlango. Kidole kikapita juu ya mfereji mdogo uliopinda. Kisha mwingine. Nikasimama palepale gizani nikizisoma tarakimu kwa ncha za vidole, moyo ukinidunda.

Kuzisoma kwa macho kulichukua siku mbili. Sikukwangua. Nililaza kurunzi kwenye mbao ili mwanga upite ubavuni na vivuli viingie kwenye mchongo, kisha nikabandika karatasi nyembamba na kuisugua kwa ubapa wa penseli laini. Zilikuwa tarakimu sita. Nne zilikuwa wazi. Mbili zilinitatiza: ya nne kwa mpangilio ilikuwa ama 3 ama 8, na ya mwisho ama 1 ama 7. Kwa hiyo nilikuwa na namba nne mkononi, na tatu kati yake hazikuwa za mashua yangu.

Orodha za meli za Uingereza zilizokuwa zikichapishwa kila mwaka nyingi zimepigwa picha na kuwekwa mtandaoni, na unaweza kutafuta kwa namba. Namba ya kwanza ilikuwa ya meli ya chuma ya uvuvi. Ya pili, tishari la mizigo. Ya tatu sikuiona popote. Ya nne ilikuwa mashua ya matanga, ya mbao, iliyoundwa mwaka 1926, na herufi tatu za mwanzo za jina lake zilikuwa zilezile nilizoziona tezi chini ya rangi. Jina silitaji hapa, maana familia moja imenisihi nisilitangaze, nami nimekubali.

1926, si 1908. Sikutaka kuamini haraka, maana aliyekwisha kupenda jibu huacha kutafuta. Nikaenda kwenye kitabu kingine, rejista ya mashua za starehe ya Lloyd's, taasisi ya Uingereza ya kukagua na kuorodhesha meli, iliyoanza kutolewa mwaka 1878 na kuendelea, ikikatishwa na vita, hadi 1980. Humo unakuta muundaji, mchoraji, vipimo, aina ya matanga, mwenye chombo, na sehemu ya majina ya zamani kwa vyombo vilivyobadilishwa jina. Kwa chombo kidogo kitabu hiki ni hazina, kwa sababu vyombo visivyozidi tani 15 vilivyotembea pwani na mito ya Uingereza pekee havikulazimishwa kusajiliwa. Vingi havina namba wala jalada serikalini. Bahati yangu ni kwamba mwenye mashua wa kwanza aliisajili.

Kitabu kilisema tani 12 kwa kipimo cha Thames. Kipimo hicho, kilichoanza kutumika mwaka 1855, si uzito. Ni hesabu ya vipimo vya chombo kwa futi. Unachukua urefu, unatoa upana, unazidisha kwa upana, unazidisha tena kwa nusu ya upana, kisha unagawa kwa 94. Urefu unaotakiwa huanzia mti wa omo, yaani wa mbele, hadi mti wa tezi juu ya sitaha, bila kuhesabu mbao zilizojitokeza nyuma. Hapo ndipo wengi hukosea, wakapima ncha hadi ncha, wakaona hesabu haikubali, wakakata tamaa. Mimi nilipata urefu futi 34 na upana futi 9 na nusu. Hesabu ikatoa 11.76. Nilikaa kwenye kiti cha nahodha nikairudia mara tatu kwa kalamu.

Halafu nikaona asili ya hadithi ya 1908. Katika kitabu hichohicho kulikuwa na mashua nyingine yenye jina lilelile, kubwa kuliko yangu, iliyoundwa mwaka huo. Bila shaka mmoja wa wamiliki waliopita alifungua kitabu akatafuta jina, akalikuta, akafurahi, akafunga. Hakudanganya mtu. Majina mazuri hurudiwa na kila kizazi, na ndiyo maana siku hizi mtu akiniletea jina peke yake namuuliza namba.

Nakala ya jalada la usajili lililofungwa, yaani la usajili uliokwisha, niliipata kutoka Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, iliyoko Kew, London. Umiliki wa chombo kule hugawanywa kwa hisa 64, na jalada huonyesha kila hisa imetoka kwa nani kwenda kwa nani, pamoja na kazi ya mtu na tarehe. Mwenye mashua wa kwanza alikuwa daktari. Mwaka 1931 aliuza hisa 32 kwa ndugu yake, na miaka mitatu baadaye akazinunua tena. Kwa nini, jalada haliandiki. Niliisoma ile karatasi usiku na kuifikiria sana.

Miaka ya Vita Kuu ya Pili kitabu cha Lloyd's hakikutolewa, na hapo uzi ulikatika. Mashua ikaibuka tena baada ya vita na mwenyewe mpya, injini mpya na jina jipya. Uzi niliunga kwa barua. Niliandika kwa watu waliokuwa na jina la ukoo wa mmiliki huyo, nikieleza mimi ni nani na ninatafuta nini, bila kuomba chochote ila kumbukumbu. Barua tisa, zikajibiwa mbili. Ya pili ilitoka kwa bibi mmoja aliyekulia ndani ya mashua yangu kila likizo, na alituma picha tano. Katika moja, watoto watatu wamekaa juu ya kibanda kile cha nyuma kilichoinuka, kile nilichokuwa nimeamua kukibomoa.

Nilikuwa nimeamua hivyo kwa sababu nilijua si cha mwaka 1926. Kilifungwa kwa skrubu zenye kichwa cha msalaba, na hizo zilianza kuenea katikati ya miaka ya 1930. Sehemu nyingine zote zilikuwa na skrubu za mfereji mmoja na ribiti za shaba nyekundu. Nikawa nataka mashua "ya asili". Ile picha ilinizuia. Wanaohifadhi majengo ya kale wana msimamo tangu Hati ya Venice ya 1964 kwamba mchango wa kila kipindi uheshimiwe, na wahifadhi wa vyombo vya majini wameuchukua msimamo huo katika hati yao ya Barcelona. Nilikuwa nimeusoma nikaona ni maneno ya wasomi. Nilipowaona wale watoto, mmoja ameshika kamba kwa mikono miwili, niliona kwamba ningebomoa miaka sabini ya maisha ya chombo ili nipate chombo ambacho hakuna aliye hai aliyewahi kukiona. Kibanda kipo mpaka leo.

Lakini sikuacha kila kitu. Mtu fulani aliifunika sitaha kwa faibaglasi ili isivuje. Mbao hupanuka na kunywea, faibaglasi haifuati. Ikapasuka pembeni, maji ya mvua yakaingia na hayakupata pa kutokea. Maji ya chumvi huisaidia mbao, maji baridi yaliyotuama huiua, kwa sababu kuvu wanaoiozesha hustawi kwenye unyevu usio na chumvi na hewa isiyotembea. Tulipoinua kipande cha kwanza, mbao iliyokuwa chini yake ilichotwa kwa kijiko. Yote tuliiondoa.

Na uozo huo ulikuwa umeshuka hadi kwenye boriti kuu. Fundi wangu, mzee aliyeanza kuunda vyombo akiwa kijana mdogo, aligonga kwa mpini wa nyundo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mbao nzima hulia. Iliyooza hujibu kwa sauti ya kufa. Akafika upande wa kulia, sauti ikafa. Akachoma kwa msumari, ukazama hadi nusu.

"Ndugu yangu, hii imekwisha. Tuitoe, nikuchongee mpya kwa siku mbili."

"Fundi, njoo uone kitu," nikamwambia. Nikamshika mkono, nikauweka juu ya mchongo.

Alipapasa kimya. Kisha akatoa miwani. Tuliondoa rangi pale pekee, polepole, kwa kisu butu na barakoa usoni, kwa sababu rangi za zamani zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Tarakimu zikatokea moja moja, zimechongwa kwa patasi na mkono usiotetemeka, isipokuwa ile 8 ambayo mchongaji aliteleza kidogo na kuacha mkwaruzo. Fundi akakaa chini. Akasema, "Aliyechonga hapa alikuwa na haraka." Halafu, "Sawa. Hatuitoi."

Alikata sehemu iliyooza tu, akaikata kwa mshazari mrefu, mara kumi ya unene wa boriti, akaunga mwaloni mpya hapo kwa ribiti za shaba. Kazi ya siku mbili ikawa ya wiki mbili. Upande wa nyuma wa kile kipande kipya, usioonekana, tulichoma mwaka wa ukarabati kwa chuma cha moto, na hivyo ndivyo tulivyofanya kwa kila mbao mpya tuliyoweka, ili atakayekuja kuisoma mashua hii baada yetu asidanganywe na sisi.

Skrubu za shaba ya njano zote zilibadilishwa, bila huruma. Maji ya chumvi huiondoa zinki iliyomo ndani yake, inabaki shaba yenye rangi ya waridi inayovunjika kama chaki. Moja niliikata kwa kucha. Nimehifadhi kumi na mbili kwenye kopo, zimeandikwa zilikotoka. Mataruma saba yaliyopasuka yalibadilishwa kwa mwaloni uliopikwa kwa mvuke, saa moja kwa kila inchi ya unene, na kuupinda ungali moto, watu watatu wakikimbia. Kalafati ya pamba, ile inayosindikwa kati ya mbao kuzuia maji, ilitolewa yote ikawekwa mpya, na rangi ya risasi nyekundu chini ya puti ya kuzibia viungo.

Kabla ya hayo yote tulikuwa tumepima umbo zima la mashua na kuegemeza mkuku, mti ulio uti wa mgongo wa chombo, kila hatua mbili, kwa sababu chombo kilichokaa nchi kavu bila kuegemezwa huinama ncha zake, na mashua iliyopinda mgongo ukiifungia mataruma mapya, unaufunga upindaji huo daima. Ilichukua majuma sita kuunyoosha mkuku, milimita chache kwa siku.

Tuliishusha majini asubuhi. Mbao zilikuwa zimekaa kavu muda mrefu, hivyo maji yaliingia kila mahali, kama tulivyotarajia, na nililala ndani yake nikipiga pampu kila nusu saa. Usiku wa pili kila saa moja na nusu. Mbao zilikuwa zinavimba na kukumbatiana. Usiku wa tatu nilipitiwa na usingizi, nikaamka kumekucha, nikateremka mbio hadi ngamani, chini kabisa ya chombo, nikiwa na kurunzi. Maji yalikuwa hayafiki kifundo cha mguu. Nikakaa pale, mgongo ukiegemea mbao, nikainua mwanga juu, na namba ilikuwa pale kwenye boriti, tarakimu sita na mkwaruzo wake. Nikachukua daftari, nikaandika tarehe chini ya ile ya daktari.